Profishenti si kufaulu

Jamani hii habari ya "asilimia 34 tu ndio profishenti, kwa hiyo waliobaki hawajui kusoma" nimeshaisikia ya kutosha. Juzi shemeji yangu kanitumia voisi ya dakika sita, anatafuta nyumba, kafungua takwimu za shule ya serikali ya mtaa ule, shule ya kati, ile ya darasa la 6 mpaka la 8 huku Marekani, kaona hiyo 34, kaona chini yake watoto weusi wangapi, weupe wangapi, wanaojifunza Kiingereza wangapi, wa familia za kipato cha chini wangapi, na voisi haijaisha keshaifutilia mbali shule nzima.

Profishenti (kwa Kiingereza proficient) ni mwanafunzi ambaye maksi zake kwenye mtihani wa jimbo zimefika au zimevuka mstari uliochorwa na jimbo lenyewe. Basi. Asilimia ni waliovuka, gawa kwa waliofanya mtihani.

Sasa kinachoniudhi. Neno lenyewe mzizi wake ni Kilatini, proficere, "pro" ni mbele na "facere" ni kufanya, yaani kusonga mbele, kupiga hatua. Neno la mwendo kabisa! Halafu wakalichukua wakalifanya mstari uliosimama. Mtoto ameingia darasa la 6 yuko chini kabisa, akapanda, akapanda, darasa la 8 kabakiza pointi moja kufika, huyo kwenye hesabu ni sifuri, sawa na aliyekaa palepale miaka yote mitatu. Mwenzake alikuwa pointi moja chini, mwaka huu kabahatisha swali moja, kavuka, huyo anahesabiwa. Nani kati yao kasonga mbele?

Na sisi kwa Kiswahili tunazidi kuvuruga. Wapo wanaosema "stadi", ambalo ni ndugu wa ustadhi, yote yametokana na neno la Kiajemi la mwalimu au bingwa wa kazi, sasa kumwita mtoto wa miaka 13 bingwa kwa sababu kavuka mstari wa mtihani mmoja ni kumpamba tu, lakini hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni "waliofaulu". Manake ukishasema 34 wamefaulu, kichwa cha msikilizaji kinamalizia chenyewe kwamba 66 wamefeli, na hakuna mtu aliyesema hivyo. Texas kwa mfano wana ngazi nne, na ukifika ya pili kutoka chini umeshapasi, ila zile asilimia watu wanazorushiana mara nyingi ni za ngazi ya tatu.

Halafu kuna NAEP, huu ndio mtihani wa taifa, unapima sampuli ya watoto wa darasa la 4, la 8 na la 12, na hautoi matokeo ya shule mojamoja wala ya mtoto mmojammoja. Nao una ngazi yake inayoitwa jina hilohilo. Mwaka 2022 waliofika ngazi hiyo kwa hisabati darasa la 8 nchi nzima ni asilimia 26, na watu wakapiga kelele kwamba robo tatu ya watoto wako nyuma ya darasa lao, wakati wenye mtihani wenyewe wameandika wazi kwamba profishenti ya kwao haimaanishi kiwango cha darasa, iko juu zaidi ya hapo. Mistari ya majimbo mengi ukiipachika kwenye kipimo cha NAEP inaangukia ngazi ya chini yake. Jina moja, mistari miwili tofauti, halafu mtu anailinganisha kama bei za sukari.

Mstari nao unahamishwa. New York mwaka 2013 walileta mtihani mpya mgumu zaidi, waliofika kwa Kiingereza darasa la 3 hadi la 8 wakashuka kutoka kama asilimia 55 mwaka uliotangulia mpaka 31. Watoto hawakupoteza akili ndani ya mwaka mmoja.

Kwenye ule mchanganuo wa makundi kuna mtego mwingine, na huu unatuhusu sisi wenye watoto wanaoongea Kiswahili nyumbani. Kundi la "wanaojifunza Kiingereza" lina asilimia ndogo karibu kila mahali na watu wanasema shule imewatupa, kumbe mtoto akishakimudu Kiingereza anatolewa kwenye kundi, na nafasi yake anaingia aliyefika juzi. Kundi linalowaaga wanaofanya vizuri litaonekanaje zuri? Na ya chakula cha bure cha shuleni, ambacho mara nyingi ndicho wanachotumia kuhesabu watoto wa kipato cha chini, usinianze. Kwa fomu, chakula cha bure ni cha familia isiyozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, lakini tangu 2014 shule za maeneo yenye hali ngumu nchi nzima zinaruhusiwa kulisha wote bila fomu, kwa hiyo mtoto wa daktari aliyeko pale naye anakula bure, na kuna takwimu zinamhesabu pamoja na maskini.

Kwa hiyo shemeji, hiyo 34 ni waliovuka mstari wa jimbo mwaka huo, ndivyo inavyosomwa, na ukisema "waliovuka" badala ya "waliofaulu" hutakuwa umekosea. Ukitaka kujua kama walimu wa pale wanawasogeza watoto, tafuta kwenye ripoti ya jimbo sehemu ya ukuaji (growth), yaani watoto wamepanda kiasi gani kutoka walipokuwa, kawaida iko chini zaidi ambako watu hawafiki, uisome kabla hujampigia dalali.