Kalsiamu Haizibi Jino Lililotoboka

Wagonjwa wengi wanaoketi kwenye kiti changu cha meno hunianza kabla sijashika kioo: "Daktari, mwili wangu hauna kalsiamu, niandikie vidonge." Jino limetoboka, na mwenyewe ameshajipima na kujitibu. Siwalaumu. Tangu utotoni tunaambiwa kalsiamu hujenga mifupa na meno, vyote kwa pumzi moja. Malighafi ni ileile kweli. Ila mfupa hulishwa na damu, na jino likishaota hulishwa na mate. Asiyelijua hilo atameza vidonge miaka na miaka huku meno yakiendelea kuoza.

Kinachovipa vyote viwili ugumu ni fuwele ndogo mno za kalsiamu na fosfeti, ziitwazo haidroksiapataiti. Kwenye mfupa ni kama theluthi mbili ya uzito. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi. Ukitaka kuona kazi ya kila kimoja, chukua mfupa wa paja la kuku, uondoe nyama yote, uuloweke kwenye siki kwa siku kadhaa huku ukibadilisha siki. Asidi itayeyusha madini na kuacha kolajeni. Mfupa utatoka na umbo lake lilelile, lakini utaupinda kwa vidole na hautavunjika. Mwingine uuchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe. Huo kolajeni yake imeungua na madini yamebaki; ukiuminya unasagika. Ndiyo maana nawashangaa wanaohesabu miligramu za kalsiamu huku sahani zao hazina protini ya maana.

Mfupa haukai kama ulivyo. Kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga, na kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Mwili una karibu kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Lakini ile asilimia moja iliyobaki ndiyo mwili hauifanyii mzaha, kwa sababu moyo, misuli, mishipa ya fahamu na kuganda kwa damu vyote vinaitegemea. Kiwango chake kwenye damu kikishuka kidogo tu, tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni ya paratiroidi. Homoni hiyo huziamuru figo zisiiachie kalsiamu ipotee kwenye mkojo, huzifanya ziamshe vitamini D ili utumbo unyonye zaidi, na huufanya mfupa utoe sehemu ya madini yake. Mfupa ni ghala, na damu ina ufunguo. Kwa hiyo kipimo cha kalsiamu kwenye damu kinaweza kurudi safi kabisa kwa mtu ambaye mifupa yake imekuwa ikipungua kwa miaka mingi. Nimeona watu wakifurahia karatasi hiyo ya maabara, na mimi sina la kuwapongeza.

Enameli, lile ganda jeupe la jino, haina njia hiyo. Asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hakuna kitu kigumu kuishinda mwilini, na haipitiwi na mshipa wowote wa damu. Seli zilizoijenga hufa jino linapochomoza. Mwili hauwezi kuchota kalsiamu humo hata uhitaji uwe mkubwa kiasi gani, na kwa sababu hiyohiyo hauwezi kuirudisha kwa kupitia tumboni. Ile kauli kwamba kila mimba huondoka na jino moja la mama haina msingi. Mtoto huchukua kalsiamu kwenye chakula cha mama, na kikipungua, kwenye mifupa ya mama huyo. Meno ya mjamzito huharibika kwa matapishi yenye asidi, kwa kula vitu vidogovidogo kutwa, kwa fizi zinazovimba na kutoka damu, na kwa mswaki unaoahirishwa kwa sababu unachefua.

Chakula kina kipindi chake cha kulijenga jino, nacho ni wakati linapoundwa ndani ya taya. Meno ya utotoni huanza kupata madini karibu na mwezi wa nne wa mimba. Magego ya kwanza ya kudumu huanza karibu na kuzaliwa. Mengine, ukiacha ya mwisho kabisa, enameli yake huwa imekamilika mtoto akifikisha miaka minane hivi. Baada ya hapo jambo lote linahamia mdomoni.

Bakteria wa kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi. Asidi ikiwa kali hadi pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka asidi imezidi) iwe chini ya 5.5 hivi, fuwele za enameli huanza kuachia kalsiamu na fosfeti. Mate, ambayo yamebeba madini hayohayo, huituliza asidi na kuyarudisha, ila yanataka muda, mara nyingi nusu saa au zaidi. Kwa hiyo soda iliyonyweka yote wakati wa chakula ina nafuu kuliko chupa ileile iliyokaa juu ya meza ya kazi ikionjwaonjwa tangu asubuhi hadi jioni.

Hatua ya kwanza ya kuoza naiona hivi: napuliza hewa jino likauke, na karibu na ufizi linatokea baka dogo jeupe kama chaki ambalo sekunde chache kabla halikuonekana. Hapo madini yametoka na kuacha vitundu. Vikiwa na maji vinajificha, vikijaa hewa vinaonekana. Mradi uso wa jino haujabomoka, baka hilo linaweza kusimama lisiendelee, hata kurudishiwa madini. Ukishabomoka, mate hayana uwezo tena, ni kazi ya kuziba.

Hapa ndipo floraidi, madini yanayotiwa kwenye dawa ya meno, inapoingia. Ikiwa kwenye mate, hata kidogo, husaidia madini kurudi haraka, na fuwele inayoundwa upya haianzi kuyeyuka mpaka pH ifike karibu 4.5. Dawa ya meno ya mtu mzima iwe na floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Imeandikwa kwenye boksi, soma. Ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisukutue kwa maji, maana utakuwa unamwaga dawa yenyewe.

Floraidi ina upande wa pili. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alianza kufuatilia madoa ya kahawia kwenye meno ya wakazi wa Colorado Springs, Marekani. Mwaka 1931 ilibainika chanzo ni floraidi nyingi kwenye maji, ingawa meno hayo yenye madoa yalikuwa hayaozi kirahisi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Panapozidi hapo, watoto ambao meno yao bado yanaundwa ndio wanaopata madoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo hukakamaa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, inakolea zaidi.

Fosforasi sina la kusema sana, kwa kuwa anayekula chakula cha kawaida ni nadra kuikosa. Magnesiamu ndiyo inayosahaulika. Zaidi ya nusu yake imo mifupani, na ikipungua sana homoni ya paratiroidi haifanyi kazi ipasavyo, kiasi kwamba kalsiamu ya damu inashuka na haipandi kwa vidonge mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza. Kunde, karanga, mbegu na nafaka zisizokobolewa zinayo.

Kwa ajili ya mifupa, basi, kalsiamu ina maana kubwa. Mapendekezo ya Marekani ni miligramu 1,300 kwa siku kwa walio kati ya miaka 9 na 18, 1,000 kwa watu wazima, na 1,200 kwa wanawake waliopita 50, kwani hedhi ikikoma mfupa hupungua kwa kasi. Usihesabu tu kilichomo kwenye chakula, angalia kinachonyonywa. Kwenye maziwa ni kama asilimia 30. Kwenye mchicha wa aina ya spinachi ni kama 5, kwa sababu oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani hayo, imeifunga kalsiamu. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri kwa asiyekunywa maziwa. Ukilazimika kutumia vidonge, visizidi miligramu 500 kwa mkupuo, na vile vya kalsiamu kaboneti vinywe pamoja na chakula. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari wake.

Jambo moja zaidi kwa waliokwisha kuambiwa mifupa yao imepungua na wakapewa alendroneti, zoledroneti au denosumabu. Dawa hizo huwazuia wale wabomoaji wa mfupa, na taya linahitaji wabomoaji hao ili kidonda cha jino lililong'olewa kipone vizuri. Mara chache, kipande cha mfupa wa taya hufa na kubaki wazi. Hatari ni ndogo kwa anayemeza vidonge, ni kubwa zaidi kwa mgonjwa wa saratani anayechomwa sindano za dozi kubwa. Usiache dawa kwa woga. Niambie tu kabla sijashika koleo.