Kwa Nini Haibridi ya Toyota Hula Mafuta Kidogo Kwenye Foleni ya Likoni Kuliko Kwenye Barabara ya Nairobi?

Gari la kawaida likishika barabara kuu kuelekea Voi hula mafuta kidogo kwa kila kilomita kuliko likisukumana na tuktuk kwenye Digo Road saa mbili asubuhi. Kila dereva wa Mombasa analijua hilo. Sasa chukua Toyota Corolla ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri, na jambo hilo hugeuka juu chini. Kwa vipimo rasmi vya Marekani vya modeli ya 2024, Corolla ya petroli tupu huenda takriban kilomita 13.6 kwa lita mjini na 17.4 kwenye barabara kuu. Ile ya haibridi huenda 22.5 mjini na 19.6 kwenye barabara kuu. Inakula kidogo zaidi pale pale ambapo gari jingine hula sana.

Kwa miaka mingi niliamini kinyume. Shemeji yangu alipotaka kununua Toyota Aqua, haibridi ndogo, ya kumtoa Likoni hadi kazini mjini kila siku, nilimsihi aache. Nilimwambia betri itakwisha kwenye foleni ya feri, kisha injini ndogo ibaki kuburuta gari zima pamoja na uzito wa betri isiyo na kitu. Nikamwambia haibridi ni gari la safari ndefu, ambako betri inapata nafasi ya kujaa. Hakunisikiliza, na alifanya vyema, kwa maana yote mawili niliyomwambia hayakuwa kweli.

Mzizi wa kosa langu ulikuwa mmoja: nilidhani betri ni tangi la pili. Naona wengi bado wanadhani hivyo, ila kila mmoja kwa namna yake. Yupo anayeuliza gari linachomekwa wapi kwenye umeme. Yupo anayeamini kwamba umeme ule ni wa bure, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopata faida. Na yupo, kama nilivyokuwa mimi, anayeogopa kwamba foleni itaufyonza umeme wote.

Haibridi ya kawaida ya Toyota haichomekwi popote. Kila chembe ya nguvu inayoisogeza ilitoka kituo cha mafuta. Betri yake pia ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Ya Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, ilikuwa ya kilowati-saa 1.3 hivi. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9. Kwa hiyo betri nzima, ikiwa imejaa, inabeba nguvu iliyomo katika kikombe kimoja cha chai cha petroli, na kompyuta ya gari hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Umeme huo peke yake haukutoi Nyali ukakufikisha Mtwapa. Ukiwaza tangi, hesabu haitaingia akilini kamwe. Betri ile ni mahali pa kuweka kitu kwa dakika chache na kukichukua tena.

Kitu chenyewe ni kipi? Nenda soko la Kongowea umtazame hamali na mkokoteni wake wa viazi. Utaona jasho linamtoka anapouanzisha. Ukishashika mwendo, anausindikiza tu. Tuktuk ikimkatia mbele akalazimika kuusimamisha, hasira yake ina sababu: nguvu zote alizotia zimepotea, na sasa aanze upya. Ndiyo maana hamali hupiga kelele "Njia! Njia!" kutoka mbali. Analinda mwendo alioulipia.

Gari ni mkokoteni mzito. Likiwa na kilo 1,400 na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, limebeba nguvu ya mwendo inayotosha kuwasha balbu ya wati 10 kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Unapokanyaga breki za kawaida, nguvu hiyo yote inageuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Dakika moja baadaye unachoma petroli nyingine kuirudisha. Toka Changamwe hadi Mwembe Tayari asubuhi ya siku ya kazi, uhesabu mara ngapi umefanya hivyo.

Kwenye haibridi, ukianza kukanyaga breki taratibu, magurudumu huizungusha mota ya umeme, nayo hugeuka kuwa jenereta. Kule kuzalisha umeme ndiko kunakolipunguza gari mwendo. Nguvu inaingia betrini, na taa ya kijani ikiwaka inatoka tena kukuondoa. Hairudi yote, kwa kuwa nyingine hupotea njiani, na ukikanyaga kwa ghafla breki za kawaida huingia na kuchukua sehemu yao. Lakini inarudi ya kutosha. Na ndiyo maana betri ndogo haina shida: kazi yake ni kuhifadhi nguvu ya kusimama mara moja hadi mara ifuatayo.

Sehemu ya pili ya siri iko kwenye injini yenyewe, na hapa nakumbuka mama wa chai. Jiko la makaa halipendi kazi ndogo ndogo. Ukiliwasha ili uchemshe kikombe kimoja, kisha likakaa likiwaka bure, kisha kikombe kingine, makaa mengi yatakwenda na maji. Mama mwenye akili huchemsha sufuria nzima jiko likiwa kali, hujaza chupa ya chai, hulifunika jiko, na kumimina kikombe kimoja kimoja hadi chupa ikaribie kuisha.

Injini ya petroli ina tabia ya jiko hilo. Ikipewa kazi ya wastani, injini za haibridi za Toyota hugeuza hadi takriban asilimia 40 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Injini hiyo hiyo ikiachwa ijikongoje kwenye foleni, hushuka chini ya nusu ya hapo, na ikinguruma gari likiwa limesimama, hufanya sifuri. Haibridi huizima. Ikihitajika, huiwasha, huipa kazi inayoistahili, ziada huiweka betrini, kisha huizima tena. Hata kiyoyozi hakiitegemei, kwa maana kompresa yake inaendeshwa kwa umeme. Katika joto letu la Februari, hilo si jambo dogo: unakaa foleni ya feri na ubaridi wako, injini imenyamaza, kisha kila baada ya muda inawaka kidogo kuongeza umeme na kunyamaza tena. Betri haiishi. Shemeji alinionyesha hayo kwenye skrini ya dashibodi tukiwa tumesimama Likoni, na hapo ndipo nilipoelewa.

Kwenye barabara kuu mambo hayo yote mawili hupungua. Hufungi breki, kwa hiyo hakuna cha kuokota. Injini tayari ina kazi ya kutosha, kwa hiyo hakuna cha kusawazisha. Adui anabaki mmoja, naye ni upepo. Ingia baharini pale Pirates hadi maji yafike kiunoni, utembee polepole, kisha ujaribu kukimbia. Maji ni yale yale, ila sasa yanakushika kama ukuta. Hewa nayo hufanya hivyo: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye bodi huongezeka mara nne. Nguvu iliyotumika kuipasua hewa hairudi betrini.

Ukishalishika hilo, kulinganisha magari ya Toyota ya sasa kunakuwa rahisi zaidi. Takwimu nitakazotumia ni za maabara ya Marekani, ambako hakuna matuta wala matatu. Zitazame kwa ajili ya kulinganisha gari na gari, usizitegemee kama ahadi ya utakachopata Bamburi.

Aqua ya kizazi cha pili, iliyotoka Japani Julai 2021, ni gari la kisiwani hasa. Nyepesi, fupi, rahisi kuegesha Mji wa Kale. Udhaifu wake ni kimo. Iko chini, na mvua kubwa za Mei zikituama barabarani utautamani urefu wa gari jingine. Buti nayo ni ndogo.

Corolla Cross inakupa kimo hicho na nafasi ya familia, lakini ona bei yake kwenye upepo: ile ya haibridi inayouzwa Marekani, ya lita 2.0 na inayosukuma magurudumu yote manne, huenda kilomita 19 hivi kwa lita mjini na 16 kwenye barabara kuu. Ile Corolla ya haibridi iliyo chini iliipita kote. RAV4 ya haibridi ya 2024 ni kubwa zaidi, nayo hupata karibu 17 na 16. Nzuri sana kwa ukubwa wake. Toyota imeamini njia hii kiasi kwamba RAV4 mpya iliyozinduliwa 2025 haina tena toleo la petroli tupu huko Marekani.

Prius ya sasa ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, maana inathibitisha habari ya upepo. Modeli ya 2023 hupata takriban 24.2 mjini na 23.8 kwenye barabara kuu, yaani karibu sawa. Wameiinamisha paa na kulaza kioo cha mbele hadi hewa inateleza. Anayelipa ni abiria mrefu wa nyuma, ambaye kichwa chake kinaligusa paa.

Probox haisifiwi na wengi, ila mimi naisifu. Tangu 2018 ipo ya haibridi, na kwa mtu anayesambaza mikate au soda duka hadi duka kutoka Tudor hadi Kisauni, sioni Toyota inayomfaa zaidi: inasimama na kuondoka siku nzima, ndiyo kazi haibridi iliyoumbiwa. Haina starehe, na toleo hilo husukuma magurudumu ya mbele tu.

Upande wa pili ziko Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayounganishwa hapa hapa kwetu Miritini, na Hilux. Ni za dizeli, chesisi ngumu, zinakwenda Kinango na Lunga Lunga wakati wa matope bila kuuliza. Mjini ni mikokoteni mizito inayosimamishwa kila dakika. Hilux sasa ina toleo linaloitwa haibridi la volti 48, na hapa neno linaweza kumpoteza mnunuzi: mota yake ni msaidizi mdogo wa injini ya dizeli, haiwezi kuliendesha gari kwa umeme peke yake. Usitegemee ikuokolee mafuta kama Aqua.

Jambo la mwisho ni la pwani. Huko Kanada, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, kebo ya mota ya nyuma ya RAV4 za haibridi za kuanzia 2019 ilishikwa na kutu, na Toyota ikarefusha dhamana ya sehemu hiyo. Hewa yetu ya bahari si sawa na chumvi ya kumwagwa, ila kabla ya kulipia gari yadini, mwambie fundi alinyanyue atazame chini.

Na betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Katika Aqua, tundu lake liko kando ya kiti cha nyuma. Likizibwa, betri hupata joto, na kompyuta hupunguza kuitumia. Shemeji alilalamika mwaka jana kwamba kuna kitu kinavuma nyuma na mafuta yanakwenda kasi. Tulipofungua kichujio tulikuta vumbi, nywele na mchanga wa Diani umegandamana kama sufi. Tulikisafisha, tukakirudisha, na tulipofika Mtongwe mvumo ulikuwa umekwisha.