Biashara ya kijamii sio kugawa uji

Juzi kwenye daladala natoka Uyole kwenda Mwanjelwa, dada mmoja anamsimulia mwenzie kwamba kanisani kwao wamefungua "biashara ya kijamii", namsikiliza weee kumbe wanagawa uji na mablanketi kwa wale wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Ni jambo jema sana na Mungu awabariki, ila hiyo ni sadaka, na hili neno nimeshasikia likitumika hivyo mara nyingi mno.

Biashara ya kijamii ni biashara kamili, iwe bekari, karakana au mgahawa, inayofundisha kazi na kuajiri watu ambao kwingine hawachukuliwi, mfano aliyeugua akili au asiye na pa kulala, na faida inarudi kwenye lengo hilohilo. Basi.

Sasa neno biashara lenyewe tumelitoa Kiarabu na ndani yake kuna maneno mawili, bai yaani kuuza na shira yaani kununua. Kwahiyo kama hakuna mteja anaetoa hela yake kwa sababu mkate ni mzuri, hapo hamna biashara hata mkiandika kwenye bango. Nendeni Iringa mjini pale Neema Crafts, dayosisi ya Anglikana ya Ruaha waliianzisha 2003 na vijana viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, wale ni watu wenye ulemavu sio wagonjwa wa akili lakini mfumo ndio huo, unakaa mgahawani, unaandika unachotaka, unaletewa, unalipa. Mteja anarudi kwa sababu kahawa ni nzuri.

Na kuna kosa la upande wa pili ambalo kwangu ndio baya zaidi, mtu anafagishwa na kufulishwa miaka bila senti halafu anaambiwa ni mafunzo, au ni sehemu ya tiba. Kule Trieste, Italia, hospitali ya vichaa (ndivyo ilivyoitwa enzi hizo) iliwafanyisha wagonjwa usafi hivyohivyo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Franco Basaglia na wenzake wakasaidia wagonjwa kuunda ushirika wao, kazi ikawa ileile ya usafi ila sasa kwa mkataba na mshahara. Baadae sheria ya Italia ya 1991 ikasema ushirika wa aina hii lazima angalau asilimia 30 ya wafanyakazi wawe watu wa namna hiyo. Wafanyakazi jamani, sio wagonjwa wanaosaidiwa.

Kwahiyo dada yangu wa kwenye daladala, uji endeleeni kugawa, tena na baridi hii ya Julai msiache kabisa, ila uiteni sadaka. Siku mkimchukua mmoja wao mkamfundisha kupika maandazi, yakanunuliwa, na jioni yeye akapokea ujira wake mkononi, hapo ndio mseme mmefungua biashara ya kijamii.