Je, wajua kwa nini karata ya Kifo si ya mwisho katika taroti?

Anayefunua karata ya taroti (zile karata za picha zinazopigiwa ramli) yenye namba 13 kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Katika seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909, kiunzi cha mifupa kilichovaa deraya kimepanda farasi mweupe, na mfalme amelala chini, taji limemdondoka. Hata hivyo, wanaozifasiri karata hizo husema kwamba ni ishara ya mageuzi, si ya msiba. Kwa nini?

Jibu limo katika namba yenyewe. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata 78, na haikugeuzwa ramli ya kuenea hadi mwishoni mwa karne ya 18, huko Ufaransa. Miongoni mwake zimo turufu 22 (moja huhesabiwa sifuri), nyingine zote zikiwa za vikombe, panga, sarafu na fimbo. (Kopa, shupaza, uru na pau zetu ni majina ya aina hizohizo, tuliyoyapata kwa Wareno.) Turufu hufuatana: baada ya Kifo huja Kiasi, yaani fadhila ya kujizuia, na Dunia, yenye namba 21, ndiyo ya mwisho.

Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano, alionyesha kwamba tendo hupata maana kutokana na mahali lilipo katika mtiririko wa kisa. Fedha anazopewa shujaa anapoanza safari ni nyenzo. Akipewa zizo hizo mwishoni, ni tuzo. Vivyo hivyo, kifo kinachotokea katikati ya kisa hakiwezi kuwa hatima yake. Kazi yake ni kufungua njia. Propp mwenyewe alikiri kwamba neno lake “mofolojia”, yaani elimu ya maumbo, lilitoka katika elimu ya mimea, kwa hiyo kuirudisha hoja hii kwenye biolojia si kulazimisha mambo.

Utazame mkono wako. Katika kiinitete ulianza kama kasia dogo, na vidole vikatengana kwa sababu seli zilizokuwa kati yake zilikufa kwa utaratibu, katika mchakato ambao wanasayansi waliupa jina la apoptosisi mwaka 1972. Mimi siamini kwamba karata inajua kesho ya mtu, lakini sijaona ufafanuzi bora wa namba 13 kuliko huu. Kwa bata, nyingi ya seli hizo za miguuni hazifi, ndiyo maana vidole vyake vimebaki vimeunganishwa na utando.