Haro haizami? Mshushe huyo kijana kwanza

Msimu haujachanganya na tayari simu ni ile ile: "Fundi, haro yangu inapita juu juu tu, nitafutie chuma cha kuongezea uzito." Haro ni ile zana ya safu za disiki inayovutwa na trekta kukata na kulainisha udongo. Wengine hata simu hawapigi. Wanafunga magogo kwa kamba, wanapanga magunia ya mchanga, na gunia likikosekana wanampandisha kijana akae juu ya fremu, kashika bomba kwa mikono miwili huku disiki zinazunguka chini ya miguu yake. Nazungumzia matrekta madogo ya zamani tunayoyafahamu wote: Massey Ferguson 35 na 135, Ford 3000 na wenzao wa rika hilo. Ni matrekta mazuri. Yanachakazwa na maneno ya vijiweni, na haya hapa moja baada ya jingine.

"Haro isipozama, iongezee uzito"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Haro inazamishwa na pembe kabla ya kuzamishwa na uzito. Disiki zikitazama mbele moja kwa moja zinabingirika kama magurudumu na kuchora mistari. Ukizigeuza kidogo upande, kila moja inakata, inajichimbia yenyewe na kutupa udongo pembeni. Kwa haro nyingi pembe hiyo ni kati ya nyuzi 15 na 25 hivi, na unaibadilisha kwa kuhamisha pini au bolti kwenye matundu ya fremu. Nenda kaitazame haro yako sasa hivi. Utakuta matundu yamejipanga mstari, yote yamejaa udongo mkavu na kutu, isipokuwa lile moja lenye bolti iliyokazwa siku haro inatoka dukani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa, halafu lawama anabeba trekta.

Zimwagie bolti hizo dizeli jioni, asubuhi zitafunguka. Hamisha safu ya mbele tundu moja kuongeza pembe, ya nyuma tundu moja, kisha jaribu hatua hamsini na ushuke uchimbe kwa mkono uone kina. Usirukie tundu la mwisho. Pembe ikizidi, mzigo nao unazidi, na trekta dogo litaanza kutema moshi mweusi kabla hujafika katikati ya shamba. Shamba gumu lipige mara ya kwanza kwa pembe ndogo, mara ya pili ndipo uongeze.

Ukimaliza pembe, simama pembeni haro ikiwa kazini uangalie fremu. Kama safu ya mbele inaelea na ya nyuma imezama, fupisha toplinki, ile fimbo ya juu inayounganisha haro na trekta. Ikiwa kinyume chake, irefushe. Ni kazi ya dakika tano na haihitaji fundi. Kisha pitisha macho kwenye makali. Disiki ambayo mdomo wake una unene ule ule wa bati lote haikati, inakanyaga. Inanolewa upande wa mgongo uliobinuka, si upande wa tumbo. Na mwambie dereva apunguze mwendo: kilomita 5 hadi 7 kwa saa zinatosha. Anayekimbia anairusha haro juu, halafu anakuja kuniambia ni nyepesi.

Halafu kuna kina chenyewe. Haro inafanya kazi vizuri kwa kina cha robo ya upana wa disiki yake. Disiki ya inchi 20 ni inchi 5. Ukiendelea chini ya hapo, spuli (vile vipande vinavyotenganisha disiki) na nyumba za beringi ndizo zinazoburuzwa ardhini, na hata ukipandisha ng'ombe juu yake hutapata inchi 10. Anayetaka inchi 10 anatafuta plau, jembe la trekta la kupindua udongo.

Pia kuna udongo ambao hauingiliki mpaka mvua iseme. Waingereza walilipa kujifunza hilo Kongwa, Dodoma. Mradi wao wa karanga ulianza mwaka 1947 kwa mitambo mingi iliyobaki vitani. Pamoja na matatizo mengine chungu nzima, kiangazi kikaugeuza udongo wa mfinyanzi wa pale kuwa sakafu, zana zikawa zinavunjika, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wewe una haro moja. Chimba udongo wa kina cha kiganja, uufinye, kisha udondoshe toka usawa wa kiuno. Usiposhikana kabisa, subiri mvua. Ukishikana ukadondoka ukasambaratika, washa trekta. Ukibaki donge, ni mbichi mno: utaukandamiza na kupata mabonge yatakayokauka kama yalivyo.

Sasa huo uzito unaofunga unafanya nini? Unakula beringi, kwanza. Haro ikiingia sehemu laini inadidimia ghafla na trekta linakwama. Ukiinyanyua kwa mikono ya nyuma ya trekta, ile ya kubebea zana, pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani haushiki. Na huyo kijana: akiteleza anaangukia mbele ya safu ya nyuma. Dereva anatazama mbele, na kwa kelele za injini hiyo hasikii mtu akipiga ukelele. Trekta likija kwangu na mtu juu ya haro, siligusi mpaka ashuke, na mwenye trekta akinuna anune.

Kuna haro zilizotengenezwa na trei ya kuwekea uzito. Hizo sawa, weka vyuma, vifunge kwa bolti, lakini iwe baada ya pembe, toplinki na makali.

"Trekta la zamani lina nguvu kuliko haya ya siku hizi"

Chuma lina, sibishi. Nguvu ni habari nyingine. Massey 135 ina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na HP (nguvu za farasi) 45 au zaidi kidogo kwenye injini. Zinazofika kwenye haro ni pungufu zaidi, maana tairi likizunguka kwenye udongo uliotifuliwa linapoteza sehemu yake. Haro ya disiki 12 hadi 16, za inchi 18 au 20, inaitosha. Ile ya jirani yenye disiki 24 ilitengenezwa kwa trekta la HP 80 kwenda juu; kuiazima si ujanja.

Huna uhakika? Chora chaki kwenye tairi la nyuma. Nyanyua haro, endesha tairi lizunguke mara kumi, pima umbali. Shusha haro, rudia. Umbali ukipungua kwa zaidi ya asilimia 15, unachoma dizeli kuzungusha tairi. Jaza maji matairi ya nyuma hadi robo tatu, na kama bado, punguza pembe.

"Mikono haipandi, pampu imekufa"

Pampu inayopandisha mikono ya Massey hizi inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha zana. Mkono wa kuwashia PTO ukiwa umezimwa, pampu haifanyi kazi na haro haitanyanyuka hata uombe dua. Uvute kwanza, halafu kaangalie oili. Nimeshaona watu wamenunua pampu kwa kosa hili.

"Funga mnyororo juu, itavuta vizuri"

Haro ya kuburuza, isiyobebwa na mikono, inafungwa kwenye droba, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma ya trekta. Ukiifunga juu ya ekseli au kwenye toplinki, haro ikikwama kwenye kisiki trekta linanyanyuka mbele na kumgeukia dereva kwa muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi. Matrekta ya rika hili mengi hayana fremu ya kumkinga.

"Haro inatosha, plau ni gharama ya bure"

Mwaka mmoja, miwili, sawa. Ukipiga haro tupu kila msimu kwa kina kile kile, chini ya inchi tano au sita unatengeneza tabaka gumu. Mvua inanyesha, maji yanasimama, na wiki mbili za jua zikifuata mahindi yananyauka kabla ya ya jirani. Ng'oa mche: mzizi umeshuka, umefika hapo, umekata kona. Dawa ni kulipasua tabaka hilo kwa ripa, jino refu la chuma linalofika chini yake, na udongo uwe mkavu.

"Piga haro mpaka udongo uwe unga"

Hapana. Mara mbili, ya pili ukikatiza ya kwanza, basi. Udongo uliosagwa ukipigwa na mvua ya kwanza unafunga ganda juu na mbegu inashindwa kutoboa. Kwenye mteremko ni balaa zaidi, maana unga huo unaondoka na maji. Huko fuata kontua, yaani katiza mteremko, usipande na kushuka.

"Kona unakata tu, haro ikiwa chini"

Nyanyua, kata kona, shusha. Ya kuburuza izungushe kwa duara pana. Na usirudi nyuma disiki zikiwa ardhini. Anayekata kona haro ikiwa chini namjua kwa nati ya shafti: imelegea, disiki zinacheza, na tundu la mraba katikati ya disiki limelika mpaka linaelekea kuwa duara. Likifika hapo disiki inazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, pembe za shafti nazo zinalika, na unanunua vyote viwili. Disiki zikiwa mpya, kaza nati hiyo baada ya saa ya kwanza ya kazi, halafu kila asubuhi, kwa spana kubwa yenye bomba refu. Grisi pia kila asubuhi, mpaka uione ile ya zamani inatoka na mchanga wake.