Bei ya petroli Mwanza haipandi kwa sababu ya kodi peke yake

Bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, zikitoka, vijiwe vya bodaboda Kirumba huwa na jibu moja: serikali imeongeza kodi tena. Mara nyingi sivyo. Ushuru wa bidhaa na tozo za mafuta hutozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, si kwa asilimia. Hubaki vilevile hadi sheria ibadilishwe, kama mwaka 2023 ilipoongezwa shilingi 100. Kinachoyumba kila mwezi ni bei ya soko la dunia na thamani ya dola. Kodi ni nzito, hilo sibishi. Lakini Mwanza kulipa zaidi ya Dar es Salaam ni nauli ya malori kutoka bandarini.