Vyeti vya serikali na historia ya ukoo: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaotafuta asili ya ukoo wao Tanzania Bara hudhani kwamba asiyeonekana kwenye rejesta zilizo chini ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hakupata kuwapo, au jina lake limepotezwa na makarani. Ukweli ni kwamba wakati wa Waingereza usajili ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia, ilhali Waafrika walio wengi hawakuandikwa, na pengo hilo halikuzibika upesi baada ya Uhuru: sensa ya 2012 ilikuta takriban asilimia 13 tu ya watu wa Bara wana vyeti vya kuzaliwa. Babu aliyekosekana serikalini huenda yumo katika kitabu cha ubatizo cha parokia, ambamo padri huongeza pia habari za kipaimara na ndoa ya mbatizwa.

Wengine huisadiki tarehe ya kuzaliwa kwa kuwa tu ina mhuri. Cheti kina tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kusajiliwa, na ya pili ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mtu aliyezaliwa 1948 akasajiliwa 1994 alipohitaji pasipoti, tarehe yake ilitokana na kiapo au na kumbukumbu ya mama aliyehesabu miaka kwa njaa na mavuno. Ndugu watatu wakiwa wote wa Januari 1, mtafiti ana haki ya kushuku. Cheti cha kifo nacho ni shahidi mzuri wa siku ya kufa, lakini umri wa marehemu hutajwa na mtoa taarifa, ambaye pengine ni mkwe tu.

Kosa linalopoteza watu zaidi ni kulifuata jina la mwisho kana kwamba ni la ukoo. Mtoto wa Juma Hamisi Saidi huandikwa Ali Juma Hamisi, kwa hiyo jina la mwisho la mtoto litafutwe katikati ya majina ya baba, pamoja na tahajia zake zote, Hamisi na Khamis.

Kukosa cheti cha ndoa pia si ushahidi kwamba watu hawakuoana, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa za kimila na za kidini, na kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi ndoa. Hapo jalada la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo husaidia kuliko rejesta, maana muhtasari wa kikao cha ukoo uliomo ndani yake kwa kawaida hutaja wajane na watoto wa marehemu.